Nani Atakuletea Habari Mbaya?

Jioni hii nataka tuzungumze habari ya kusimamia watu kazini. Najua wanaonisikiliza saa hizi wengine wametoka zamu, wengine ndiyo kwanza wanafunga kamba za viatu kwenda zamu ya usiku, na wengine ni mabosi wa hao hao. Nina jambo moja tu la kusema, na nitalizunguka mpaka tuelewane: anayesimamia watu, kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha kwamba habari mbaya inamfikia mapema, ikiwa nzima, kutoka kwa mtu asiyeogopa kuileta. Malengo ya mwezi, vikao na ripoti vinakuja nyuma ya hilo.

Tukumbuke Nyangalata. Oktoba 5, 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, ardhi iliporomoka na kuwafungia chini wachimbaji sita. Watu walihangaika kuwatafuta, siku zikapita, matumaini yakaisha. Novemba 15 watano kati yao wakatolewa hai. Walikuwa wamekaa gizani siku 41, wakila mende, vyura na wadudu wengine, wakinywa maji machafu yaliyochuruzika humo ndani. Mwenzao mmoja alikuwa ameshafariki. Na kilichowaokoa ni kwamba wachimbaji wenzao waliokuwa wakifanya kazi jirani walisikia sauti za watu kutoka chini ya ardhi.

Dunia nzima iliisimulia habari ile kama muujiza, na ni muujiza kweli. Lakini mimi niliyefanya kazi ya kusimamia wenzangu miaka mingi, kuna swali linalonirudia kila ninapoikumbuka. Yule wa kwanza kusema "jamani, nasikia watu", alimwambia nani, na kwa nini aliaminiwa? Zaidi ya wiki tano zilikuwa zimepita. Mtu anayesema amesikia sauti kutoka mahali palipofukia watu anaweza kuambiwa amelewa, au masikio yamemdanganya, au ni mambo ya mizimu. Angeweza pia kujinyamazia, akaogopa kuchekwa, akaendelea na kazi yake. Hakunyamaza, na wenzake hawakumcheka. Watu watano waliurudia mwanga wa jua kwa sababu hiyo.

Mwishoni mwa Januari 2017 yakatokea mengine mkoani Geita, kwenye mgodi wa Nyarugusu. Wachimbaji 15, Watanzania 14 na raia mmoja wa China, walifukiwa chini. Safari hii mawasiliano yalipatikana mapema kupitia bomba, wakapelekewa chakula na maji, na Januari 29 wote 15 wakatoka hai. Utaona tofauti iliyopo kati ya siku chache na siku 41. Pale ambapo kuna njia ya sauti kupanda kutoka chini kuja juu, muda unafupika na watu wanapona.

Sasa turudi nyuma kidogo, kabla kifusi hakijashuka. Kila aliyewahi kuingia duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, anajua kwamba mara nyingi mwamba hutoa taarifa. Vumbi linaanza kudondoka mahali ambapo jana halikudondoka. Vijiwe vidogo vinachomoka ukutani. Matimba yaliyosimamishwa kushikilia paa yanaanza kulia. Baada ya mvua za masika, maji yanajitokeza kwenye ufa ambao haukuwa na maji. Anayeziona dalili hizi wa kwanza ni nani? Si mwenye duara, ambaye pengine yuko Kahama mjini anatafuta fedha za dizeli. Si msimamizi aliyekaa juu kwenye kivuli na daftari lake. Ni kijana aliyeko mbele kabisa na mtarimbo, na mara nyingine ni mgeni aliyekuja juzi kutoka Maswa au Bukombe, ambaye hata jina lake bado hatujalishika vizuri. Mwenye habari muhimu kuliko zote ndiye mwenye cheo kidogo kuliko wote. Kwa hiyo swali si kama dalili zilionekana. Swali ni kama aliyeziona alikuwa na njia ya kusema, na sababu ya kuamini kwamba kusema kwake hakutamponza.

Na hilo, msikilizaji, huamuliwa siku nyingi kabla. Huamuliwa siku ile mtu mwingine aliposema, wenzake wakatazama amefanywa nini.

Nitasimulia kisa kimoja cha kampuni ambayo sitaitaja. Palikuwa na opereta wa gari kubwa la kubeba mawe, mtu mzima, mtulivu, si mtu wa maneno mengi. Asubuhi moja akaandika kwenye kitabu cha ukaguzi kwamba breki zinachelewa kushika. Msimamizi wake akasoma, akamwita mbele ya wenzake, akamuuliza kama amechoka kazi, maana gari hilo hilo zamu ya usiku limefanya kazi bila malalamiko. Yule mzee akakata mstari maneno yake, akapanda gari. Kuanzia siku hiyo kitabu cha ukaguzi kikawa safi. Wiki baada ya wiki, hakuna hitilafu, hakuna malalamiko, na msimamizi akawa anapeleka kitabu chake kwa wakubwa kwa fahari, kama ushahidi wa utunzaji mzuri wa mitambo. Kisha gari jingine kabisa, si lile, likashindwa kusimama kwenye mteremko, likapanda tuta la pembeni ya barabara na kukwama hapo. Mungu alisaidia, hakufa mtu. Watu wa uchunguzi walipowauliza maopereta, ilibainika kuwa karibu kila mmoja alikuwa anajua ugonjwa wa gari lake. Walikuwa wakiambiana wao kwa wao chakulani: leo nipe nafasi, gari langu halisimami upesi. Habari ilikuwepo. Ilikuwa inazunguka chini, haipandi.

Kitabu kisicho na hitilafu hata moja kinapaswa kumtia msimamizi wasiwasi. Mitambo huharibika, watu huchoka, vipimo hukosewa. Ukiona mezani kwako kila kitu ni shwari mwezi mzima, usijipongeze kwanza. Shuka ukaulize.

Aliyekuja baada ya msimamizi yule alikuwa dada mmoja, injinia, umri wake chini ya miaka 30. Mengi kuhusu kusimamia watu nimejifunza kwa kumtazama yeye. Kikao cha usalama kabla ya zamu alikigeuza. Zamani alikuwa anasema bosi, kisha wazee wa kazi, na vijana wanaitikia tu. Yeye akawa anaanza na mdogo kuliko wote. "Wewe uliyeingia wiki iliyopita, jana umeona nini ambacho hukukielewa?" Siku za kwanza vijana walitazama chini. Kwetu Usukumani, na kwa kweli karibu kote Tanzania, mtoto hatangulii kusema mbele ya wakubwa. Ni malezi mazuri, sitaki mtu anielewe vibaya, yametulea sisi sote. Lakini kijana akishasikia mzee wa kazi anasema mambo ni sawa, hawezi tena kusimama na kusema si sawa, maana atakuwa amemkosoa mzee hadharani. Ukimtanguliza, unamwondolea mzigo huo. Anasema alichoona, halafu wazee wanakuja kupima kwa uzoefu wao. Heshima inabaki mahali pake na habari inapatikana.

La pili, alikuwa akirudisha jibu. Hili ndilo wasimamizi wengi hawalifanyi, na ndilo linaloua kila sanduku la maoni lililopigiliwa ukutani nchi hii. Mtu ametoa taarifa Jumatatu, Ijumaa hajui imeishia wapi, wiki ya pili hatoi tena. Dada yule alikuwa na daftari dogo mfukoni, na kila kikao kabla ya mambo mapya alianza na ya jana: fulani alisema taa ya njia ya kushukia haiwaki, fundi amekwenda, imepatikana tatizo, leo inawaka. Fulani alisema kelele kwenye mtambo, fundi amekagua, hakuna hitilafu, lakini asante kwa kusema. Hata jibu la "hapana" alilileta. Mtu anaweza kukubali kuambiwa hapana. Asichokubali ni kuonekana hakusema kitu.

Na la tatu, shikamoo. Nalitaja kwa sababu sasa migodi na ofisi zetu zimejaa wasimamizi vijana, wametoka vyuoni wakiwa na shahada zao, wakakabidhiwa watu wenye umri wa baba zao. Wengine wameshauriwa, sijui na nani, kwamba bosi akimwamkia mfanyakazi wake anajishusha. Matokeo yake kijana wa miaka 26 anafika asubuhi, mzee wa miaka 55 anamtazama, hakuna salamu, linakuja agizo tu. Dada yule aliwaamkia wazee wote, kila asubuhi, mmoja mmoja, kisha akawapangia kazi. Na akimkuta mzee amevunja utaratibu wa usalama alimsimamisha kazi palepale, kwa sauti ya chini, mbali na wenzake. Sikumwona hata mmoja aliyemdharau. Shikamoo inampa mkubwa wa umri haki yake, na cheo kinabaki na haki yake. Hivyo viwili havijawahi kugombana isipokuwa kwenye vichwa vya watu wenye hofu. Na mzee aliyeamkiwa asubuhi ndiye atakayekufuata saa tisa mchana kukunong'oneza kwamba vijana hawajafunga mikanda huko juu.

Watu hudhani uongozi wa kazi tumeletewa na makampuni. Wazee wetu walikuwa na wa kwao. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kulima kwa pamoja, wakamchagua kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale. Mwenye shamba aliyetaka kulimiwa alipitia kwake. Siku ya kazi palikuwa na ngoma, nyimbo, majembe yanapanda na kushuka kwa mpigo mmoja, na mwenye shamba akaandaa chakula. Nsumba ntale hakuwa amepewa watu na mtu mwingine. Walimtoa miongoni mwao. Aliwasimamia wasiotimiza wajibu, na upande wa pili aliwasemea vijana mbele ya wakubwa wa kijiji. Nadhani hapo ndipo tulipopoteza kitu. Msimamizi wa leo anajua vizuri kuwabana walio chini kwa niaba ya walio juu. Nusu ya pili ya kazi, ile ya kuwasemea walio chini mbele ya walio juu, wengi hawaihesabu kama sehemu ya mshahara wao.

Serikali baada ya uhuru iliona pengo hilo. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukakemea viongozi wenye kiburi na dharau kwa wafanyakazi. Kuna viwanda Dar es Salaam ambako wafanyakazi waliuchukua Mwongozo ule kwa uzito hasa, wakasimama kuwakataa mameneja waliowanyanyasa. Mwadui hapa kwetu Shinyanga, mgodi alioanzisha Dk. John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi mwaka 1940, ulikuwa wa umma kabisa kuanzia miaka hiyo ya sabini. Mabaraza bado yapo kisheria katika taasisi za umma hadi leo. Yapo mengine yanayofanya kazi vizuri. Yapo mengine yanayokutana mara moja kwa mwaka kupitisha bajeti ambayo wajumbe wameiona asubuhi hiyo hiyo, na watu wakala chakula cha mchana wakaondoka.

Tuingie sasa kwenye mgao, kwa sababu haya mambo ya kusema na kusikia hayaendi mbali kama watu hawaamini hesabu.

Kwenye maduara mengi ya Geita na Shinyanga hakuna mshahara wa mwezi. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara anayegharamia, na kuna wachimbaji. Mwenye duara anatoa chakula, matimba, mafuta, na matibabu mtu akiumia. Wachimbaji wanatoa nguvu zao. Wanaweza kupiga mwamba mtupu miezi bila kuona kitu, wakiishi kwa ugali na dagaa. Mawe ya dhahabu yakitoka, yanajazwa kwenye viroba na kugawanywa. Viwango hutofautiana kutoka machimbo hadi machimbo, ila mwenye leseni mara nyingi hupata karibu theluthi, na kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye duara na wachimbaji, baada ya kutoa gharama walizokubaliana.

Tazama jinsi wenye busara wanavyofanya mgao huo. Hufanyika palepale juu ya duara, mchana kweupe, watu wote wakiwepo. Viroba vinapangwa mistari na kuhesabiwa kwa sauti. Gharama zinatajwa moja moja: dizeli kiasi hiki, matimba kiasi hiki, hospitali ya fulani kiasi hiki. Anayepinga anapinga hapo hapo. Hakuna elimu ya chuo iliyohitajika kugundua kwamba mtu anaweza kupokea kidogo akatulia, kama ameona kidogo hicho kimepatikanaje. Nimeona kundi limepata viroba vichache mno baada ya miezi ya jasho, na kesho yake wote wakarudi shimoni. Na nimeona kundi jingine lililopata mengi likasambaratika kwa sababu hesabu ilifanyikia chumbani usiku.

Linganisha na ofisi na migodi mikubwa. Bonasi imetoka. Mmoja amepata, mwingine hakupata, mwingine amepata nusu. Fomula iko kwenye kompyuta ya mtu mmoja Dar es Salaam. Msimamizi akiulizwa, anajibu kwamba hata yeye hajui, imekuja hivyo kutoka juu. Ndugu msimamizi, jibu hilo limekugharimu zaidi ya bonasi yenyewe. Kama hujui, nenda ukajue. Piga simu, uliza, rudi uwaeleze watu wako, hata kama maelezo hayatawafurahisha. Aliyezoea kuona mgao ukifanyika juani hataridhika kuambiwa tu kwamba imekuja hivyo. Soko la madini lilipofunguliwa Geita Machi 2019, mchimbaji mdogo alipata mahali pa wazi pa kupima na kujua bei ya siku, na hapo ndipo wengi walipoanza kuuliza maswali ambayo hawakuyauliza walipokuwa wanauza kwa dalali uchochoroni. Hesabu ikiwa wazi, watu hupata ujasiri wa kuhoji, na ujasiri huo huo ndio tunaoutaka siku matimba yanapolia.

Sasa habari ya kuachishana kazi. Mahali ambapo mtu anaweza kuondolewa kwa neno moja la bosi, usitegemee mtu alete habari mbaya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema mwajiri hawezi kumwachisha mtu kazi bila sababu halali na bila utaratibu wa haki. Vyote viwili. Unaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ukashindwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa sababu hukumpa mtu nafasi ya kujieleza, hukumjulisha tuhuma mapema, hukumruhusu awe na mwenzake wa kumsaidia. Na mfanyakazi anayeona ameonewa ana siku 30 tu kupeleka malalamiko yake kwenye Tume. Wengi huzipoteza wakizunguka kwa viongozi wa mtaa na ndugu wenye jamaa wakubwa serikalini. Siku 30, msikilizaji. Ziandike.

Mameneja kadhaa niliozungumza nao huuchukulia utaratibu huu kama kero ya wanasheria. Mimi nauona kama chombo cha kazi. Ukimkalisha mtu, ukamsomea tuhuma, kisha ukanyamaza ukamsikiliza kwa dhati, mara kwa mara utajua kitu ambacho hukukijua. Utajua kwamba aliyechelewa siku tatu anauguza mke hospitali ya Bugando. Utajua kwamba kifaa kilichopotea kilichukuliwa kwa ruhusa ya bosi mwingine. Na hata pale ambapo kosa ni lake na lazima aondoke, waliobaki wameona ameondokaje. Usidhani wanaomtazama anayeondoka wanamfikiria yeye. Wanajifikiria wao.

Oktoba 2007, wafanyakazi wa mgodi wa Bulyanhulu waligoma wakidai malipo na mazingira bora ya kazi. Kampuni ikasema mgomo haukufuata sheria, na mamia ya watu wakapoteza ajira. Ni kweli sheria ya 2004 imeweka ngazi za kupanda kabla ya mgomo: suala lipelekwe kwenye usuluhishi, muda wa usuluhishi uishe bila muafaka, chama kipige kura, kisha itolewe notisi ya saa 48. Nani alivuka ngazi ipi, hayo waliyabishania wenyewe. Nilichokiona mimi Kahama miaka ile ni nyumba. Wanaume wenye ujuzi wa mitambo ya chini ya ardhi, ujuzi uliochukua miaka kuupata, wamekaa vibarazani mchana. Watoto wamerudishwa kutoka shule za kulipia. Maduka ya Kakola, jirani na mgodi, yamepungukiwa wateja. Na kampuni nayo ilibaki kutafuta na kufundisha watu wapya kwa kazi ambayo jana ilikuwa na wenyewe. Mgomo wa namna hiyo hauanzi asubuhi ya mgomo. Unaanza pale mtu wa kwanza aliposema jambo lake kwa adabu akajibiwa kwamba geti liko wazi.

Wapo watakaoniambia kwamba nawalea watu, kwamba Mtanzania ukimpa nafasi ya kusema atasema badala ya kufanya kazi. Nimeyasikia hayo kwa Waswahili wenzangu zaidi kuliko kwa wageni, na yananiumiza. Huyu Mtanzania unayemsema ndiye anayeshuka kwa kamba mita nyingi chini ya ardhi akiwa na taa kichwani na mkebe wa maji, akitumaini kiroba ambacho huenda kisitoke. Mvivu hafanyi hivyo. Wapo wavivu, ndiyo, na wapo wanaotumia malalamiko kama kichaka cha kujificha. Msimamizi anayewasikiliza watu wake kila siku huwatambua haraka sana, na wenzao humsaidia kuwatambua, kwa sababu uvivu wa mmoja hubebwa na migongo ya wengine.

Nimalizie na kundi ambalo halinipi usingizi siku hizi. Ni vijana wa wakandarasi. Tangu mgodi wa Buzwagi ufungwe mwaka 2021, na migodi mingine ikizidi kutumia makampuni ya nje kwa usafiri, ulinzi, chakula na uchorongaji, idadi kubwa ya vijana wetu wanafanya kazi ndani ya geti la mgodi lakini mikataba yao ni ya mkandarasi, na ni ya muda mfupi. Miezi mitatu, miezi sita. Kijana wa namna hiyo, mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, ameona waya wa umeme umechubuka karibu na maji. Fikiria hesabu inayopita kichwani mwake. Akisema, kazi itasimama nusu siku, bosi wake mkandarasi atapoteza fedha kwa mwenye mgodi, na jina lake litakumbukwa siku ya kuongeza mikataba. Akinyamaza, huenda lisitokee lolote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka taarifa za hatari zitolewe, na mabango ya "usalama kwanza" yamejaa kila kona. Lakini yule kijana hasomi bango. Anasoma kalenda.

Mwezi uliopita nilizungumza na meneja wa kampuni moja ya ukandarasi inayofanya kazi upande wa Geita. Nilimwomba jambo dogo: kwenye fomu ya kuongeza mkataba, pale wanapoandika mahudhurio na nidhamu, waongeze mstari mmoja wa taarifa za hatari alizowahi kutoa mfanyakazi huyo, na mstari huo uhesabiwe kwa faida yake. Alifikiri kidogo, akaniuliza itakuwaje kama watu wataanza kutunga hatari ili wapate alama. Nikamwambia hatari ya kutunga hugundulika kwa dakika kumi, fundi akienda kutazama. Akasema atajaribu kwenye mikataba ya Julai, kwa madereva kwanza. Kama wewe ni mmoja wa madereva hao na unanisikia jioni hii, ikifika Julai iangalie fomu yako kabla hujatia saini, na usipouona mstari huo, uliza.